Vifuu vyangu vya tungule, na shemeji aliyedhani ni mchezo wa watoto

Wakuu, asalaam aleikum. Wengi humu mngeniita bibi, lakini hili nikilikumbuka damu bado huchemka. Yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa.

Nilirudi kutoka kisimani, mtoto mgongoni, ndoo kichwani. Nikamkuta shemeji yangu Hamisi, mdogo wa mume wangu, amechuchumaa jikoni anawasha moto kwa vifuu vyangu. Udongo umemwagwa chini. Miche ya tungule imelala kama mchicha uliokatwa.

"Ah, shemeji," akasema bila hata kuinuka, "nilidhani watoto wamecheza kupikapika."

Watoto gani? Mwanangu alikuwa hajajua hata kukaa!

Ndoo yote niliimwaga juu ya ule moto. Na yeye akapata fungu lake.

Ngoja niwarudishe nyuma.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Tulikaa nyuma ya Msambweni, mume wangu yuko kazini Mombasa. Baba mkwe alifariki akaacha kipande kizuri karibu na kisima. Mavyaa, mama wa mume wangu, akatoa neno: atakayekuwa na cha kupanda mvua ya kwanza ya masika, kipande alime yeye.

Hamisi alitaka kuweka minazi. Wa bara hamtaelewa. Kwetu ukishapanda mnazi mahali, umepigilia msumari. Nikikosa msimu ule, nimekosa milele.

Basi nikaanza kitalu ndani ya nyumba, mvua bado haijanukia. Nilichukua vifuu vya nazi, ile nusu yenye macho, unatoboa jicho moja maji yapite. Udongo na samadi ya mbuzi. Mbegu nilizikamua mwenyewe nikazianika juu ya majivu. Asubuhi navitoa barazani vikaote jua, kisha narudisha dirishani, kuku wasivione.

Wallahi ile harufu ya majani ya tungule vidoleni naikumbuka hadi leo. Siku hizi mnanunua miche kwenye trei, sawa, maendeleo. Ila hamjui raha ya kuamka ukakuta vishingo vyote vimeinamia dirisha, kama vinakungoja.

Kweli, mavyaa aliwahi kumwaga viwili. Kwetu kifuu ni kuni, na mchanga ndani ya kifuu ni mchezo wa watoto. Akadhani wa jirani wameingia. Alipojua aliniomba radhi, tukacheka mpaka machozi. Hamisi alikuwepo, anacheka nasi. Hapo ndipo alipookota uongo wake.

Sasa siku ile ya ndoo, mavyaa akanisihi: "Mwanangu, ya nyumbani huzungumzwa nyumbani."

"Nishazungumza, mama. Hujaona alivyolowa?"

Nikaokota miche iliyopona, nikaipanda kwenye sufuria ya wali, nikashika njia ya kwa chifu. Hamisi nyuma anapiga kelele, kwa jina alilonipachika kwa kuwa nimesoma: "Bi Skuli huyo! Anaenda kushtaki mboga!"

Nilichojifunza, wakuu: ukisamehe kosa la mtu mwema, angalia nani mwingine anasikiliza. Kuna watu huazima kosa la mwenzao kama kanzu ya arusi. Je, nyinyi mngenyamaza? Semeni, msinionee haya.

Mimi sikunyamaza. Nilipotaja tungule zangu, karani wa chifu, kijana wa bara, akaniuliza, "Tungule ni nani? Mtoto ama ng'ombe?"

"Ni nyanya, bwana."

"Ah! Hayo ni mambo ya jikoni, mama. Rudi nyumbani."

Nikamwambia shika kalamu. Chifu akampa ishara ya kichwa aandike, na nilichosema ni hiki:

"Namshtaki shemeji yangu Hamisi kwa kung'oa miche yangu kwa makusudi, ili apate kupanda minazi kwenye kipande kilichoahidiwa mwenye cha kupanda. Ilikuwa mchana kweupe, hakukosea. Naomba asitie mnazi hata mmoja ardhini mpaka miche hii iliyobaki ishike. Na kama haya ni mambo ya jikoni, serikali imuulize mwanamume yule alifuata nini jikoni kwangu."