Kabati la Darasa la Tatu

Nikinusa vanishi mbichi, hata leo, mimi hubadili njia. Harufu hiyo hunirudisha mtaa wa Huruma, Januari moja ya miaka ya tisini, nilipoingia darasa la tatu na sare iliyoshonwa kubwa makusudi ili nikue ndani yake, na vitabu vilivyofunikwa kwa karatasi ya kaki.

Siku ya kwanza Mwalimu Jerusa alitutangazia mambo mawili. Mwaka huo tungejifunza mwandiko wa kuunganisha herufi, ule wa watu wazima. Tena tungekuwa na maktaba yetu wenyewe: kila mtoto alete kitabu kimoja, na baba yangu, fundi wa kuchonga vinyago aliyetoka Machakos, angetutengenezea kabati. Mimi, kwa kuwa niliandika kwa usafi, nilipewa kazi ya kuorodhesha.

Vikaja vitabu vya nyimbo za kanisa, mwongozo wa cherehani, hata kitabu cha simu kisicho na jalada. Akoth, niliyekaa naye dawati moja, alikuja mikono mitupu siku tatu. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Leta chochote kilichoandikwa," nilimwambia, maana orodha yangu ilibaki na pengo, na pengo hilo liliniudhi.

Siku ya nne alileta daftari.

"Wee, hiyo si buku!" Otieno akacheka kutoka nyuma. "Imeandikwa na mkono!"

"Ni ya mathe," Akoth akasema, akinipa. "Alikuwa anaandika mambo yetu. Mimi siwezi kusoma, ameshikanisha herufi. Lakini si tutafunzwa? Nikijua, nitaiazima wa kwanza."

Mimi mwandiko ule nilikuwa nimefunzwa tayari na dada yangu. Nikafungua, nikasoma mstari mmoja, nikafunga. Kwenye orodha nikaandika: Daftari moja, kuukuu.

Kabati lilipofika liling'aa hadi tukajiona usoni. Baba alikuwa amepaka vanishi mbele na ubavuni tu. Mwalimu akamuuliza kuhusu nyuma.

"Nyuma inaegemea ukuta, Mwalimu. Nani ataona?"

Tukacheka sote. Mwalimu mkuu akapanga vitabu, akatia kufuli, akaondoka na ufunguo. Visiguswe, alisema, mpaka wageni kutoka ofisi ya elimu waje kuviona vikiwa safi.

Wageni hawakuja muhula huo. Kufikia Juni tulikuwa tunaunganisha herufi, na Akoth alitushinda wote. Alifanya mazoezi hata kwa kidole, juu ya dawati lenye vumbi. Akamwomba Mwalimu Jerusa daftari lake. Mwalimu akamwomba mwalimu mkuu, naye akajibu kwamba wageni wako karibu. Jumamosi moja Akoth akaja kwetu kumuuliza Baba kama kabati lina njia nyingine ya kufunguka.

"Mama," Baba akamwambia, akipangusa patasi, "hiyo niliijenga isifunguke."

Nilijivuna. Akoth aliaga kwa adabu, akashuka ngazi.

Wageni walikuja Novemba, wiki ya kufunga shule. Kufuli likafunguliwa. Mlango bado ulimetameta. Ndani mlikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani, wakaingia kwa nyuma. Mwalimu mkuu akakohoa, akawaonyesha wageni njia ya kwenda kunywa chai.

Akoth aliingiza mkono akatoa jalada la daftari. Alipolifungua, vumbi jekundu lilimwagikia viatu vyake. Hakulia. Alinigeukia.

"Wewe ulisoma. Ilisema nini?"

Kilichonijia kichwani ni maneno yangu mwenyewe: Daftari moja, kuukuu.

Januari iliyofuata hakurudi. Walihamia upande wa Mukuru, nikasikia. Nami nilikua nikawa mwandishi wa habari, na watu hunisifu kwa kukumbuka kila kitu. Nimeelewa kwa kuchelewa kwamba asubuhi ile alipoleta daftari mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa mwisho wa mama yake Akoth, nami nilikuwa na haraka ya kujaza pengo. Mstari ule niliousoma nimeutafuta kichwani miaka yote hii. Haupo.