Miiba Kwenye Ngazi za Bwawa

Golapi Khatun hakuwahi kuogopa maji. Aliogopa watu wanaoyachezea. Tangu apande vifaranga vya samaki aina ya katla katika bwawa la nyuma ya nyumba, alililinda kama mboni ya jicho. Samaki wale ndio wangemwezekea mabati kabla ya mvua kubwa. Kwa hiyo alizifunga ngazi za bwawa kwa miiba ya mlimau, akamfukuza wifi yake Mojida pamoja na wanawake wote waliooga na kufua pale tangu enzi za mama mkwe.

“Mnawaogopesha samaki wangu!”

“Kwani hao samaki wana haya kuliko bibi harusi?” Mojida alimjibu, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Bwawa likatulia. Maji yasiyoguswa huzeeka upesi, kama nyumba isiyo na wageni. Yakawa ya kijani, mazito kama mchuzi wa dengu uliolala. Golapi akazidisha pumba na samadi.

Kisha mbingu ikafunga siku tatu, hakuna jua wala upepo. Alfajiri ya nne akakuta bwawa limejaa midomo. Samaki walikuwa juu, wanatweta, mmoja ameshageuza tumbo. Golapi akaingia na mwanzi, akayapiga maji ili yapate hewa. Lakini bwawa ni pana, na mikono ni miwili. Akameza kiburi.

“Wifi! Mojida! Njooni muoge!”

Mojida akafungua dirisha la nyumba ya jirani. “Saa hizi? Nani kafa?”

“Bado hawajafa! Njooni nyote mpige maji!”

“Na miiba je?”

“Naing’oa, wifi yangu, naing’oa!”

Wakaja kumi na wawili, sari zimefungwa viunoni, wakajitosa wakipiga miguu na kuimba nyimbo za harusi. Mojida, aliyejaliwa mwili, akaruka kutoka ngazi ya juu. Maji yakapanda hadi kwenye migomba.

“Ruka tena!” Golapi akapiga kelele. “Wewe peke yako unatosha!”

Jua lilipochomoza, midomo ikazama, mmoja baada ya mwingine.

Katla aliyekufa akapikwa na wali, na kuni zilikuwa ile miiba. Kichwa, fungu la mgeni wa heshima, Golapi akakiweka kwenye sahani ya Mojida.

Mojida akanyonya jicho, akatafakari. “Kesho naleta mablanketi niyafue.”

Golapi akapumua. “Lete. Ila sabuni iache nyumbani.”