Tangi la Kikaango

Gari lile lilipokuwa likija, pua ndizo zilizotangulia kujua. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilikata kona kabla ya taa, na mbwa waliolala vibarazani wakainua vichwa kutazama nani anapika. Ndiyo maana mwenye gari, dereva mstaafu wa idara ya maji, hakuitwa tena jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa mzima ulimwita Kikaango.

"Kikaango, leo umetukaangia nini?" vijana wa gereji walimwuliza.

"Nimekaanga ujinga wenu, ninyi mnaonunua dizeli," aliwajibu, akapita ameinua kidevu.

Alizunguka kwenye migahawa akikusanya mafuta yaliyokwisha kupikiwa. Aliyaacha yatulie kwenye pipa, akayachuja kwa shuka kuukuu, kisha akayamimina kwenye tangi la gari. Si vibaya mtu kubana matumizi. Lakini Kikaango hakuwa akibana matumizi. Alikuwa akibishana na dunia, na gari ndilo lililokuwa hoja yake. Kila aliyemwonya kwamba injini ya dizeli haikuzaliwa kula mafuta ya jikoni alimhesabu kuwa mwenye wivu.

Mkewe hakubishana naye. Alipokuwa mzima, naye aliyatumia mafuta hayohayo: alipika sabuni nyuma ya nyumba, akaikata vipande kwa waya na kuwauzia majirani. Sasa alikuwa mtu wa kulala chali. Aliteleza akiwa amebeba sufuria kubwa, akaangukia mgongo, na tangu siku hiyo ganzi ilianza kwenye nyayo ikawa inapanda taratibu, kama maji yanayojaa chumbani. Ilikuwa imefika magotini. Daktari wa karibu hakuwaficha: ikipita kiuno, hakuna kisu kitakachoirudisha. Daktari bingwa wa uti wa mgongo alifika kwa nadra katika hospitali kuu, ng'ambo ya mji wa pili, na safari hii jina la mama huyu lilikuwa limepata nafasi. Siku ilikuwa Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Asiyefika, nafasi yake hupewa mwingine.

Hakuweza kuketi. Kikaango aling'oa viti vya nyuma vya gari lake, akatandika ubao na godoro. Kaka wa mkewe, mwenye gari kubwa la kusafirishia samani, alikuja kuutazama ubao ule, akatikisa kichwa.

"Shemeji, Alhamisi chukua gari langu. Safari yangu nitaiahirisha."

"Mke wangu apelekwe hospitali na gari la kuazima, na langu limesimama uani?"

"Hapa hatushindanii heshima, shemeji. Ni mgongo wa dada yangu."

"Na ni mke wangu. Nimeshasema."

Kaka mtu alichukua funguo zake. Akaenda zake, na Jumatatu akaondoka na mzigo wake kwenda mbali.

Jumatatu hiyohiyo gari la Kikaango lilikohoa kwenye mwinuko wa sokoni, likazima. Walilisukuma hadi gereji. Fundi, mtu mzima aliyemfahamu kwa miaka mingi, alifungua chujio la mafuta na kulipindua juu ya karai. Hakuna kilichomwagika. Kitu cha rangi ya kahawia kiliteleza nje polepole na kukaa pale kikitetemeka.

"Mzee mwenzangu," fundi alisema, "mimi nimezoea kufungua chujio. Hapa nimefungua jeli."

"Weka jipya."

"Nitaweka, na kesho litaziba tena. Tatizo liko kwenye tangi. Mafuta ya jikoni yakikaa muda mrefu yanashika kuta kama lami. Inabidi tangi lishushwe, lioshwe kwa dizeli, likwanguliwe, lioshwe tena, likaushwe kabisa. Niachie, nitalianza Ijumaa."

"Alhamisi nina safari ya mama."

"Basi azima gari."

Neno hilo tena. Kikaango alikunja uso. "Nitaliosha mwenyewe."

"Haya. Dizeli tupu na kipande cha mnyororo. Utikise mpaka mikono ikukatae. Na maji, mzee, maji usiyapeleke hata karibu."

Chujio jipya lilimfikisha nyumbani, na kesho yake alilala chini ya gari uani, akalishusha tangi. Dirisha la chumba cha mkewe lilikuwa wazi.

"Baba watoto, unafanya nini huko?"

"Nabadilisha breki."

"Breki zinanuka mafuta?"

"Inayonuka ni mikono yangu."

Ulikuwa uongo mdogo, wa kumtuliza mgonjwa, ndivyo alivyojiambia. Mwanamume anayemficha mkewe ubovu wa gari hujiona mlinzi wa nyumba. Kumbe anajenga ukuta, na yeye mwenyewe ndiye atakayebaki upande usio na mlango.

Alitumbukiza mnyororo ndani ya tangi, akamimina dizeli, akalikumbatia na kulitikisa kama anayebembeleza mtoto mkaidi. Kilichotoka kilikuwa cheusi, chenye mapande kama ngozi ya maziwa. Alimulika kwa tochi: kuta bado za kahawia. Akarudia. Akarudia tena mpaka jua likazama na mabega yakawaka moto. Alipomulika, aliona amekwangua mahali padogo tu, kama kiganja.

Jumatano asubuhi aliingia stoo kutafuta matambara. Nyuma ya masufuria ya mkewe palikuwa na kopo la kostiki, ile chumvi kali ya kutengenezea sabuni, na juu yake glavu zake za mpira. Kikaango alisimama. Alikumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akiitia kidogo kwenye bomba la jikoni lililozibwa na mafuta, na bomba likazibuka papo hapo. Mafuta ni mafuta, aliwaza. Kama inang'oa ya jikoni, itang'oa na haya.

Mtu aliyeijua kostiki kuliko wote mtaani alikuwa amelala nyuma ya ukuta, macho wazi, akitamani mtu wa kuzungumza naye. Swali moja tu lingetosha. Lakini kuuliza kuhusu tangi kungekuwa kukiri kwamba hakuna breki zilizobadilishwa. Alichukua kopo, akapita dirishani kwa kunyata.

Akachemsha maji, akatia kostiki, akamimina. Tangi lilipata joto mpaka likaunguza matambara aliyolishikia. Likatoa mvuke na povu. Alilitikisa, akalipindua, na maji mazito ya kahawia yakamwagika kama mtaro uliofunguliwa. Akaanza kuimba. Aliposuuza na kumulika, chuma kiling'aa. Akaliweka juani, akalilaza huku na huku mpaka halikudondosha tone. Ndani ya tangi kuna vibao vya kuzuia mafuta yasichezecheze, na nyuma ya vibao hivyo tochi haifiki. Huko hakuona kitu, kwa hiyo aliamini hakuna kitu.

Jioni alilirudisha tangi mahali pake, akalijaza dizeli; gari liliwaka kwa mkupuo mmoja, likapita gerejini bila harufu yoyote.

"Kikaango, leo jiko limezimwa?"

"Nimewaachia ninyi moshi!"

Nyumbani mkewe alikuwa akisukwa nywele na jirani, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda.

"Daktari atatazama mgongo, si kichwa," Kikaango alimtania.

"Ataanza kunisalimia usoni. Breki vipi?"

"Safi kabisa."

Alhamisi alfajiri majirani walimbeba mama kwa shuka, wakamlaza kwenye godoro. Njiani alikuwa msemaji. Alipanga atakavyosimama tena jikoni, kwanza kwa mkongojo, baadaye bila mkongojo. Kikaango alimsikiliza huku akiusikiliza mlio wa injini, na vyote viwili vilimfurahisha. Walipoziacha nyumba za mwisho, lami iliisha, barabara ikaanza kulirusharusha gari. Mbele kidogo nguvu ikapungua. Injini ilikohoa, ikajikokota, ikanyamaza.

Alifungua boneti, akalegeza chujio. Ndani hamkuwa na dizeli. Mlikuwa na uji mweupe, mzito. Alipousugua kati ya vidole, ukateleza.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza kutoka nyuma.

"Uchafu kidogo."

"Nionyeshe."

"Haina haja, mke wangu."

"Nimesema nionyeshe."

Alizunguka, akanyoosha kiganja. Mkewe alichota kwa kidole, akanusa, akasugua. Akatazama dari la gari.

"Umeziosha na nini breki zako?"

"Kostiki."

"Na maji ya moto?"

"Ya moto."

"Ukatikisa?"

"Nilitikisa sana."

"Basi hukukosea kitu. Sabuni hupikwa hivyohivyo." Alicheka, na kicheko kikamchoma mgongoni, akauma meno. "Ningekwambia, baba. Nilikuwa pale pale dirishani."

Alisafisha chujio, akatia dizeli ya akiba, akapiga pampu kwa mkono mpaka kidole gumba kikachubuka. Gari liliwaka, likasogea hatua chache, likazima. Mara ya mwisho pampu ya injini ilisaga kama jino bovu, na baada ya hapo ufunguo ulizunguka tu bila kitu kuitikia. Alimpigia shemeji yake.

"Niko mbali, shemeji. Hata nikigeuza sasa hivi..."

Magari madogo yalipita. Mawili yalisimama.

"Mama anaweza kukaa, nimbebe?"

"Hawezi."

"Pole, mzee."

Jua lilikuwa limepanda lilipotokea lori la kokoto. Dereva wake alikuwa mtu mwema, mwenye kamba imara, ila alikuwa anaelekea mjini, kule walikotoka. Kikaango alipiga simu hospitali, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, macho kwenye kamba iliyokuwa ikimkokota.

"Bingwa anaondoka saa sita," muuguzi alisema. "Mmefika wapi?"

"Tunarudi nyumbani."

"Basi nafasi nampa mama aliyeko hapa benchini, anasubiri tangu jana."

"Atakuja tena lini?"

"Hatujaambiwa, baba."

Mkewe aliyasikia yote. Simu ilikuwa na sauti kubwa.

Walipoingia uani majirani waliombeba asubuhi walitoka mbio, wengine bado wakidhani amekwishatibiwa, wakaona uso wa Kikaango, wakapunguza mwendo. Mmoja alishika pembe ya shuka.

"Niacheni humu kwanza," mama alisema. "Saa sita haijafika."

Waliangaliana. Joto ndani ya gari lilikuwa kali, na harufu ya sabuni na dizeli ilikaba koo, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hapo uani hapana daktari wa kumngojea. Walirudi kivulini. Kikaango aliketi chini, penye mlango wa nyuma uliokuwa wazi.

"Mke wangu..."

"Usiseme. Ukiniambia pole nitalia, na nikilia mgongo unauma."

Kikaango alikuwa na maneno mengi maisha yake yote, ya kuwajibu vijana wa gereji, ya kumkatalia fundi, ya kumnyamazisha shemeji. Sasa alilitafuta hata moja lenye manufaa, akaambulia patupu. Mkewe alilala macho kwenye dari, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayejibu maswali anayoulizwa kwa upole.

Redio ya jirani ilipotangaza saa sita, alifumba macho.

"Haya. Nitoeni."

Majirani walishika kichwani na kiunoni. Kikaango alishika miguu. Waliponyanyua, mkono wake ulitelezea kifundo cha mguu, akakibana kwa nguvu asimwangushe, kisha akashtuka na kulegeza.

"Nimekuumiza?"

"Huko chini huwezi kuniumiza," mkewe alisema. "Wewe shika tu."