Mjomba Pasi na Matatizo ya Watu

Sebule ya dada yake Mjomba Pasi ilikuwa na kochi moja refu, na siku za kazi kochi hilo halikukaliwa na mtu. Lilikaliwa na mashati. Suruali zilining'inia kwenye bomba la pazia, magauni kwenye mlango wa chumbani, na televisheni ilikuwa huko nyuma ya makoti, inasikika kuliko kuonekana. Shemeji yake, mtu mpole wa kazi ya ghalani, alishazoea kutazama mpira kupitia upenyo kati ya makoti mawili. Timu yake ikifunga upande wa kushoto hakuona kitu, alishangilia kwa kusikia.

Mjomba Pasi hakuwa mjomba wa kila mtu, ila mtaa mzima ulimwita hivyo, hata watu wa rika la baba yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mkono wa kulia umejaa alama ndogo za kuungua. Kunyoosha nguo alikujua. Shati likitoka kwake, kola inasimama yenyewe kama mwanafunzi anayesubiri kuulizwa swali. Kuongea ndiko kulikomshinda. Ukimwambia umefiwa, anasema "Enhe." Ukimwambia umeshinda bahati nasibu, anasema "Enhe." Lakini hiyo enhe aliisema huku amesimamisha pasi na kukutazama usoni, na mtu akitazamwa hivyo hujikuta ameongeza habari.

Mambo yaliharibika alfajiri moja umeme ulipokatika. Shemeji alipapasa gizani, akavuta shati kwenye kochi akidhani ni lake, akavaa, akaenda kazini. Mlangoni pa ghala akakutana na mwenye shati.

"Shati zuri hilo," yule bwana akasema.

"Asante, ndugu yangu."

"Mimi ninalo kama hilohilo. Ila langu lina kiraka kwapani."

Shemeji akainua mkono kutazama. Kiraka kilikuwepo.

Mchana alirudi nyumbani amevaa koti la mvua, ndani hana kitu, na jua lilikuwa linawaka. Dada mtu akamtazama mumewe kuanzia juu hadi chini, kisha akageuka kwa mdogo wake.

"Mdogo wangu, mimi nakupenda. Lakini nataka sebule yangu."

"Enhe."

"Usiniitikie enhe! Nataka mgeni akija akae kwenye kochi, siyo aambiwe asimame asije akakunja suruali ya mtu. Si umejiandikisha yale mafunzo ya biashara? Basi yakiisha uwe umepata pa kwenda na pasi yako. Ukikosa, pasi inaingia kabatini, na wewe unakwenda na shemeji yako ghalani kubeba magunia."

Shemeji, ndani ya koti la mvua, akasema kwa upole, "Magunia siyo mabaya, shemeji. Ukiyazoea." Alisema hivyo huku anajishika kiuno.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya bure, misingi ya biashara changa kwa watu wazima, katika ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa. Mtaa ule ulikuwa na ghorofa moja tu, na mwenye nalo alikuwa mama mmoja mnene wa sauti, watu wanamwita Bi Ghorofa. Kando ya ngazi kulikuwa na chumba kitupu chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Bi Ghorofa alikuwa ameahidi kwamba mwanafunzi atakayewaridhisha waamuzi siku ya mwisho atakitumia mwaka mzima bila kodi. Mjomba Pasi kila akipita alichungulia dirishani. Hakutazama ukuta wala dari. Alitazama soketi ya umeme, ilikuwa mahali palepale ambapo yeye angeiweka.

Mwalimu alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha, na kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kumtaja mteja, wanafunzi walimwita Mwalimu Mteja. Kila wiki aliomba jambo lilelile. "Bi Mkubwa, humu joto. Wateja wetu, yaani wanafunzi, wangepata hewa tukihamia kule juu." Na kila wiki Bi Ghorofa alijibu bila kugeuka, "Juu kuna upepo mbaya." Basi wakabaki chini, wanajipepea kwa makaratasi.

Somo la mshindani lilimpa Mjomba Pasi sifa asizozitaka. Mwalimu alipita akiuliza kila mtu anashindana na nani. Fundi wa kuchomelea vyuma aitwaye Cheche, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alitaja mafundi wote wa barabara ile pamoja na tabia zao. Zamu ikafika kwa Mjomba Pasi. Akafikiri muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa.

"Godoro," akasema.

"Godoro?"

"Watu wanalaza suruali chini ya godoro. Asubuhi imenyooka."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Mteja hakucheka. Aliandika GODORO ubaoni kwa herufi kubwa, akapigia mstari, na tangu siku hiyo Cheche akimwona Mjomba njiani alipaza sauti, "Vipi, mshindani wako kaamkaje?"

Kisha likaja somo lililoleta kazi yote. Mwalimu alitembea huku na huku, viatu vinalia.

"Msikimbilie kuuza! Biashara changa nyingi zinakufa kwa sababu mtu anauza asichoulizwa. Nendeni kwa wateja. Ulizeni matatizo yao. Msibishe, msijisifu, msikatize. Sikilizeni tu. Siku ya mwisho kila mmoja atatuambia alichosikia."

Wengine walitoka na sura za kuonewa. Mjomba Pasi alitoka anatabasamu. Kusikiliza tu? Hiyo si kazi, hiyo ni likizo.

Tatizo ni kwamba alilichukua somo kama lilivyosemwa. Cheche alikwenda akawauliza watu kuhusu mageti yao. Mwenzao wa kuuza sabuni akauliza kuhusu madoa. Mjomba Pasi aliona kutaja nguo ni kujisifu, basi akabisha hodi kwa jirani wa kwanza, muuza nyanya, akaketi alipoonyeshwa, akauliza, "Mama, tatizo lako ni nini?"

Muuza nyanya alimtazama kama vile anatazama mtu aliyetumwa na Mungu. Akafunga mlango. Akaanza na mwanawe asiyesalimia, akapita kwa mumewe anayekoroma kwa sauti mbili, akaishia kwa mkwe ambaye, kusema kweli, yeye mama ndiye aliyemkosea, ila hajui pa kuanzia kumwambia. Mjomba alisema enhe tu. Alipoinuka, yule mama alikuwa anafuta macho na kumfungia nyanya kwenye mfuko.

"Na shuka zangu nitakuletea kesho, mwanangu."

"Zimekunjamana?"

"Zitakunjamana."

Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Mlinzi wa duka la dawa, mtu wa kifua kipana na rungu, alihakikisha kwanza hakuna anayesikia, halafu akakiri kwamba anaogopa giza. "Mjomba, giza lenyewe. Siyo wezi. Mwizi angalau ni mtu." Tangu hapo akawa analeta sare yake kila siku, imenyooka tayari, akisema kwa sauti ya barabarani, "Ipitishe tena hapa begani!" kisha anakaa kwenye kochi juu ya mashati ya watu anaongea hadi muda wa zamu. Kila aliyemweleza tatizo lake alimaliza kwa neno lilelile: "Hili libaki hapahapa." Na Mjomba alijibu, "Litabaki."

Sebule ikajaa kuliko zamani. Sasa nguo zilikuja na wenyewe. Dada mtu alitoka jikoni akakuta watu wanne wamepanga foleni, kila mmoja na nguo moja mkononi, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Kwani humu mnagawa nini?" akauliza.

"Tunanyoosha," wakajibu wote kwa pamoja, haraka mno.

Hata Bi Ghorofa alikuja. Aliingia na kitambaa cha meza kisicho na kunjo hata moja, akangoja wengine watoke, akamsogelea Mjomba hadi mvuke wa pasi ukampata usoni.

"Wewe si umetumwa kuuliza matatizo? Basi niulize."

Akamuuliza.

"Kizunguzungu," Bi Ghorofa akanong'ona. "Ngazi zikifika kwenye kona, miguu inakataa. Nimejenga ghorofa, baba, na juu kwangu sijawahi kufika. Wapangaji nawapigia simu washuke. Mtaa huu wakijua, jina langu litakuwa kichekesho. Umenisikia?"

"Enhe."

"Hili libaki hapahapa."

"Litabaki."

Siku ya mwisho ukumbi ulijaa. Mbele waliketi waamuzi: Mwalimu Mteja, bwana mmoja wa benki mwenye miwani, na Bi Ghorofa aliyevaa kilemba kirefu kama mnara. Dada na shemeji walikuwa safu ya nyuma. Shemeji alikuwa amekuja na jozi ya glavu za kubebea magunia, mpya, akimtayarishia shemeji yake kwa nia njema kabisa.

Cheche alisimama akasema wateja wake wanalalamikia mageti yanayolia kama paka, akaonyesha bawaba aliyoitengeneza isiyolia. Watu wakampigia makofi ya kweli. Ikaitwa zamu ya Mjomba Pasi. Alipanda jukwaani na shati jeupe ambalo lilikuwa limenyooka kiasi kwamba alionekana anaogopa kupumua ndani yake.

"Mimi nanyoosha nguo," akasema. Watu wakadhani amemaliza.

Mwalimu Mteja akamsaidia. "Ulikwenda kwa wateja?"

"Nilikwenda."

"Wengi?"

"Wengi. Na wengine walikuja."

"Vizuri sana! Tuambie. Walisema nini?"

Mjomba Pasi akatazama ukumbi. Muuza nyanya alikuwa amekamata mkoba wake kwa mikono miwili. Mlinzi aliyesimama mlangoni alikuwa anatazama dari kama anahesabu mbao. Nyuma kule dada yake alikuwa anamfanyia ishara ya mdomo: sema, sema! Na glavu zilionekana.

"Siwezi kusema," akasema.

Bwana wa benki akavua miwani. "Huwezi au hukuuliza?"

"Niliuliza. Wakasema. Siwezi kusema."

"Bwana mdogo, hili ndilo somo lenyewe. Bila hili huna biashara."

"Enhe."

Jasho lilikuwa linamshuka, na kwa mara ya kwanza kola yake ikaanza kuinama. Chumba chenye soketi kilikuwa ng'ambo ya ukuta tu, angeweza kuugonga. Mwalimu Mteja akainuka, anamwonea huruma. "Mfano mmoja tu, Mjomba. Mteja mmoja, tatizo moja. Usitaje jina. Hata akiwa ni mtu aliyemo humu ndani, hatutamjua."

Mjomba Pasi hakukusudia kumtazama mtu. Alikuwa anatafuta tu pa kuweka macho, na macho yakaangukia kwenye kilemba kile kirefu.

Bi Ghorofa aliinuka hadi kiti kikaanguka.

"Maswali yametosha! Apewe chumba!"

"Lakini Bi Mkubwa, bado hajatoa..."

"Hajatoa, na hatatoa! Hujaona?" Akauelekeza mkono ukumbini. "Mtu amebanwa mbele ya watu, chumba kinamponyoka, na bado kafunga mdomo. Wewe nguo zako unampa nani, anayefunga mdomo au anayeachama? Nguo zina mifuko, mwanangu! Zina madoa! Jengo ni langu, nimesema apewe!"

"Apewe!" mlinzi akanguruma kutoka mlangoni.

"Apewe, jamani, apumzike!" muuza nyanya akadakia, na watu wengi mno, kila mmoja kwa sababu yake, wakapiga makofi kwa nguvu ya kutisha. Cheche alitikisa kichwa, kisha naye akapiga makofi, kwa maana alikuwa amepeleka suruali juzi na hakuna aliyejua alisema nini. Bwana wa benki akarudisha miwani akaandika kitu. Mwalimu Mteja, asiyekubali jambo lipite bila somo, akaenda ubaoni akaandika IMANI YA MTEJA, na chini yake, kwa kuwa chaki ilikuwa imebaki, akaandika tena GODORO.

Mjomba Pasi akahamia kando ya ngazi. Aliweka meza, pasi, na benchi refu, na benchi halikukauka watu. Glavu alizipokea kwa shemeji yake, zikamfaa kushikia pasi ikipata moto.

Sebule ya dada ikarudi kuwa sebule. Kochi likakaliwa, televisheni ikaonekana yote, na shemeji akaona kwa macho yake kwamba timu yake kumbe huwa inafungwa sana.

Siku chache baadaye, saa ya adhuhuri, dada mtu alionekana barabarani na sketi mkononi. Alikuwa anaifinya njia nzima kwa vidole, ikunjamane. Alifika, akakaa mwisho wa benchi nyuma ya mlinzi, akangoja zamu yake kama watu wengine. Ilipofika akaiweka sketi mezani.

Mjomba Pasi akaisimamisha pasi, akamtazama.

"Dada. Tatizo lako ni nini?"

Dada mtu akageuka kuona kama kuna anayesikia.

"Kule nyumbani," akasema, "kumekuwa kimya, mdogo wangu. Yule bwana anatazama mpira tu."

"Enhe," akasema Mjomba Pasi, na dada yake akavuta benchi karibu.