Lori la Nakhungu Halilii Mtu

Watu wa Misikhu wakikwambia Nakhungu ni mtu wa hasira, usibishane nao. Ni kweli. Lakini waulize nani alimtia hiyo hasira, uone vile wataanza kuangalia viatu vyao.

Ni senge yangu, dada ya baba. Aliolewa Misikhu na Mabonga, mwenye lori moja kuukuu ambalo mlango wake wa dereva ulifungwa na kamba ya katani, na geji yake ya joto ilikufa kabla mimi sijazaliwa. Walikuwa wakinunua kabichi na vitunguu Saboti na kupeleka soko la Bungoma. Mabonga alishika usukani, senge akapigana na bei. Mabonga ndiye alimfundisha kuendesha, kwa shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Alimfokea, naye akamfokea, mpaka ng'ombe wa jirani wakahama upande wa pili.

Halafu asubuhi moja Saboti, uani kwa Sally, mkulima ambaye lori hulala kwake, Mabonga akaanguka akifunga turubai. Presha. Hakuamka tena.

Matanga yalipoisha, senge alichukua ufunguo, akanichukua na mimi niwe wa kupakia, akarudi kazini. Hakuna mtu alisema kitu mbele yake. Nyuma yake walisema vyote. Mukhisa, mdogo wa marehemu anayekaa Bungoma mjini, ndiye alianza. "Rori ya marehemu haiendeshwi na mjane ovyo ovyo," alisema. "Ina mwenyewe."

Na kama vile lori lilikuwa likimsikiliza, likaanza kupoteza maji.

Si kila siku, na hapo ndipo balaa ilikuwa. Likilala Bungoma, asubuhi rejeta imejaa vile iliachwa. Likilala Saboti, maji yamepungua, na hata senge akijaza alfajiri, wakati wa kupakia ukiisha na safari ianze, likifika kilima cha Kamukuywa linachemka. Mvuke mpaka huoni barabara. Kabichi zinanyaukia kando ya njia na wenye pikipiki wanapita wakipiga honi ya kicheko. "Mathe, unapika nini hapo?"

Mukhisa alipopata hiyo habari, ati lori linamwaga maji Saboti tu, pale pale ndugu yake alikata roho, hakungoja chai ipoe. Alikuja Misikhu kwa mama yao, Kukhu Phelista, akaketi, akasema kwa sauti ya kanisani, "Mayi, hiyo rori inaria. Inamriria Mabonga. Kila ikifika pale alianguka, machozi yanatoka. Mnataka ishara gani ingine?"

Watu walitikisa vichwa. Hata mimi nilitikisa changu, maana ni kweli lilikuwa linamwaga pale tu. Hilo hakuna mtu angekataa.

"Ilie kwa nini?" senge akauliza. "Nilimkosea nini?"

"Shemeji, mimi sisemi wewe. Nasema rori. Irudi nyumbani itulie, kijana wangu Tonny aiendeshe, damu ya Mabonga."

Huyo Tonny alikuwa ameshaanza kujiita dereva kwenye kituo. Alinunua hata miwani.

Kukhu Phelista alitafuna hewa kwanza, vile wazee hufanya. Mwisho akasema, "Kama inamriria mwanangu, itarudi hapa. Kama hairii, mtamwachia huyu mama kazi yake. Tutakaa Jumapili tuamue."

Senge alitoka nje, akapiga gurudumu teke. "Mtu anakufa, halafu wanamfanya awe dereva wa uongo wao," alisema. Hakuwa akiongea na mtu.

Kesho yake alipeleka lori Kipsongo kwa fundi Gathogo. Tulifika jua likiwa juu. Gathogo aliingia chini, akapapasa kila mpira, akatoka akipangusa mikono.

"Mama, gari yako haina shida."

"Haina shida, na juzi imechemka kama sufuria ya githeri?"

"Ingia uone mwenyewe. Kavu kabisa."

Senge akaingia na gauni lake. Kweli, kavu. Gathogo alipaka sabuni ya kipande kwenye rejeta, halafu akatoa kile kidude ambacho huzuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Karibu kila fundi wa huku hukitoa. Wanasema kinabana maji, bila hicho gari inakaa baridi. "Sasa haiwezi chemka, hata ukienda nayo jehanamu," Gathogo akasema akicheka.

Tukalala Saboti, tukapakia, na safari hii ilichemka hata kabla ya Kamukuywa.

Siku hiyo niliogopa senge. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe, uso umekauka, akaangalia lori likitoa moshi vile unaangalia mtu amekutukana mbele ya watoto. Halafu akasema polepole, "Imekuwa mbaya zaidi. Alitoa kitu cha kuleta joto, na imekuwa mbaya zaidi." Akarudia hayo maneno.

Jioni, tukirudi kupitia Kitale, alinunua ile dawa ya rejeta ya rangi ya kijani. Siku zote tulikuwa tunaweka maji ya mto tu. Akamwaga yote ndani, akaenda Saboti, akamwambia Sally, "Nipe ile nailoni nyeupe ya kuanika mahindi."

"Ya nini, Mama Joan? Mvua haiko." Mama Joan ndilo jina wanamwita huko, kwa ajili ya binti yake.

"Nataka kutandikia hii shetani."

Unajua uani kwa Sally ni nyasi, na Saboti iko chini ya mlima kabisa. Asubuhi umande unalowesha mpaka magoti. Lori likidondosha maji usiku kucha hapo, nani ataona? Nyasi zote zimelowa. Na mwenye kutafuta alikuwa anatafuta maji kati ya maji. Senge alitandika nailoni chini ya injini, akaweka mawe kwenye pembe, akaingia kulala.

Jogoo akiwika alikuwa ameshatoka. Nilimsikia akilia jina la Mungu, nikadhani ameumwa na nyoka. Nilipofika alikuwa amelala chali chini ya lori na tochi mdomoni. Kwenye nailoni kulikuwa na kidimbwi cha kijani. Juu yake, kule nyuma ambako mkono wa Gathogo ulipapasa na kukuta pakavu, pale mpira mkubwa wa chini unavishwa kwenye bomba la chuma, klipu ya kuufunga ilikuwa imechoka. Tone. Unangoja. Tone.

"Shika," akaniambia. Nilishika. Baridi kama chuma cha mlango wa kanisa. Mpira umesinyaa, klipu inacheza.

Akawasha injini, akaiacha ingurume. Ilichukua muda, kwa sababu ya kazi ya Gathogo, lakini joto lilipofika, mpira ukavimba, ukabana lile bomba, na tone likakatika. Pakavu. Bungoma usiku ni joto, kwa hivyo huko mpira hausinyai. Kipsongo tulifika injini ikiwaka moto. Na bila kile kidude, injini ilikuwa inatembea baridi mpaka mbali, ikidondosha njia nzima.

"Kaza basi," Sally akasema. "Spana ndio hii."

"Sikazi."

"Mama Joan! Ugonjwa umeuona na hutaki kutibu?"

"Nikikaza leo, Jumapili watasema Mabonga amenyamaza kidogo, ataanza tena. Wacha idondoke. Watakuja waone vile mume wangu analia."

Jumamosi alimbeba Kukhu Phelista mpaka Saboti, na Mukhisa akaja na suti, kama mtu anaenda kupokea mahari. Tulipakia kabichi jioni, tukalala kwa Sally. Alfajiri senge alimtoa Kukhu na blanketi mabegani, akamketisha kwenye kigoda kando ya nailoni, akamulika.

Tone.

Mukhisa akavua kofia. "Mayi, si nilikuambia? Machozi."

"Ya kijani?" Kukhu akauliza.

"Machozi ni machozi."

Senge akaenda kwa usukani. Aliwasha injini. Tulingoja pale tukitetemeka, Kukhu macho hayatoki kwa lile bomba. Tone likachelewa. Likachelewa tena. Halafu halikuja. Sally akaleta maji ya kisima, senge akamwagia ile sehemu mpaka chuma kikapoa, mpira ukasinyaa, na tone likarudi mbele ya macho yetu.

"Kumbe ni baridi," Kukhu akasema.

"Ni baridi, Mayi. Na klipu mbovu."

Hapo ndipo kila mtu alimgeukia Mukhisa. Alikohoa, akavaa kofia yake, akatabasamu.

"Sawa bana. Ni baridi. Si basi hiyo ndiyo sababu rori ilale kwangu Bungoma? Huko ni joto. Tonny atakuwa anaiendesha."

Nimewahi kuona senge amekasirika mara nyingi. Hii haikuwa kama zile. Alimkaribia mpaka Mukhisa akarudi nyuma, kisigino kikaingia kwa kinyesi cha ng'ombe.

"Umemfukua ndugu yako," alisema. "Ulimfukua ukamtia ndani ya rejeta, akalia watu wote waone, na wewe mwenyewe hukuwa unaamini. Mimi nilikuwa naamini! Nililala hapa nikimuuliza nilimkosea nini. Nilimwomba msamaha kwa kitu sikufanya!"

"Shemeji, shusha sauti, watu wa mbali—"

"Wasikie!"

Mbwa wa Sally wakaanza kubweka. Senge akachukua spana, na Mukhisa akaruka kando, lakini haikuwa ya kumpiga yeye. Aliingia chini ya lori, akakata ncha ya mpira iliyochoka, akausukuma, akafunga klipu mpya aliyokuwa ameibeba mfukoni tangu Kitale. Alikuwa akilia akikaza. Hakujificha.

Alipotoka, Kukhu alikuwa amesimama kwa mlango wa lori. "Nipe mkono nipande," akaniambia. Nikampandisha, nikaingia nyuma yake. Mukhisa akaja akashika mlango.

"Mbele kumejaa," Kukhu akasema.

"Mayi, si nakaa hapa pembeni tu?"

"Panda juu ya kabichi. Ama ungoje Tonny akuchukue na hiyo rori yake."

Akapanda juu ya kabichi na suti yake, baridi ya Saboti ikimpiga masikio. Kamukuywa tulipita bila mvuke.

Kabla ya Misikhu, Kukhu akasema, "Mwanangu, leo hakuna mkutano tena."

Nilidhani senge atashukuru. Alibadilisha gia kwa nguvu, akakaza macho barabarani.

"Mayi," akasema, "hata ule wa kwanza pale kwako haukufaa kuwepo."