Mgeni Mwenye Daftari

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Mtopanga, binti mgeni aliketi benchi la nyuma akawa anaandika kila tulichofanya. Majirani walikuwa wameshalalamikia kelele zetu, kwa hiyo tukamdhania ni mtu wa serikali, amekuja kutufungia kanisa. Ngoma zikapigwa kwa ncha za vidole. Mchungaji akahubiri kwa sauti ya mgonjwa.

Mwishowe mama mmoja wa kwaya akamwendea, mkono kiunoni. "Mwanangu, umetumwa na nani?"

Binti akasimama. "Shikamoo mama. Nimetumwa na mwalimu wangu wa chuo kikuu. Najifunza namna mnavyoabudu."

"Marahaba. Sasa utajifunzaje umeketi?" Akalichukua lile daftari, akampa kayamba.

Binti akalitikisa, lakini mdundo hakuupata hata kidogo, na kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji akashusha pumzi, akajifuta jasho. "Haya," akasema, "sasa tuimbe kama sisi."

Tuliimba hadi mabati yakatetemeka.

Mimi nami kazi yangu ni kuandika habari za watu, na miaka yote nimewaandika nikiwa nimeketi. Sijui ni wangapi walionionyesha sura zao halisi.