Nimeridhika na Wakili Wangu

Shangazi yangu hajawahi kumwambia mtu kwamba amekosea. Anafua mashuka ya hospitali, mwaka wa ishirini na sita huu, na muuguzi akimletea shuka lililochanwa kwa mkasi atasema, "Pole, labda lilikuwa limechoka." Mtu akimkanyaga kwenye foleni, yeye ndiye anayeomba radhi. Sisi watoto wa kaka yake tulikua tukimcheka kwa hilo. Sasa hatucheki.

Mwanawe wa pekee ni fundi wa mashine. Nyumbani tunamwita Fundi tangu akiwa na miaka saba, alipofungua redio ya babu, akaifunga tena vizuri, na skrubu tatu zikabaki mkononi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: Fundi ana adabu kuliko mama yake, na hilo si jambo dogo.

Siku duka la simu lilipovamiwa na watu wenye bunduki, saa kumi jioni, Fundi alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kukamulia nguo kule hospitalini, anabadilisha mkanda uliokatika. Aliingia getini saa nane, akatoka saa kumi na mbili. Mlinzi aliandika saa zote mbili kwenye daftari la wageni na Fundi akatia sahihi. Lakini kwenye gwaride la utambulisho mwenye duka alimnyooshea kidole, na kidole hicho kikamfikisha kizimbani.

Hatukuwa na uwezo wa kuweka wakili, mahakama ikampa mmoja. Alikuwa kijana mtanashati mwenye haraka. Alionana na Fundi mara tatu, zote kwenye ujia wa mahakama, zote akiwa amesimama. Shangazi alimweleza habari za daftari. "Nimekuelewa, mama," akasema. Mara ya pili akamweleza tena, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu kijana alikuwa kwenye simu, akainua dole gumba. Daftari halikuletwa na mlinzi hakuitwa. Kwenye maneno yake ya mwisho alimtaja Fundi kwa jina la mshtakiwa mwingine kabisa, mtu wa kesi ya ng'ombe. Hata karani aliinua macho.

Jaji naye aliona mambo hayaendi. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Mshtakiwa, umeridhika na wakili wako?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, kilichobaki ni kupita tu. Fundi akamtazama mama yake. Shangazi akaitikia kwa kichwa.

"Nimeridhika na wakili wangu, mheshimiwa. Namshukuru kwa kazi nzuri."

Nilishika kichwa. Tulipotoka nje nikamuuliza, "Shangazi, umefanya nini?"

"Ulitaka amuumbue mwenzake mbele ya mkubwa wake? Yule kijana ndiye aliyetushika mkono."

"Katushika mkono au katukaba shingo?"

"Punguza mdomo," akasema.

Wiki mbili baadaye Fundi alifungwa miaka kumi na mitano.

Mwaka wa nne wa kifungo rufaa yake ilichukuliwa na wakili mwingine, mama mmoja wa shirika la msaada wa sheria, mwenye miwani na viatu vya kutembelea. Alilipata daftari kwa asubuhi moja. Lilikuwa stoo ya hospitali, chini ya maboksi ya glavu. Asubuhi moja! Kila nikikumbuka damu inanichemka.

"Daftari peke yake halitoshi," akatuambia. Tulikuwa tumekaa kwenye chumba cha kufulia, kati ya matenga ya mashuka. "Majaji watauliza kwa nini halikuletwa mwanzo. Lazima tuonyeshe wakili alilijua na akalipuuza. Na hapa kwenye kumbukumbu za kesi, ukurasa wa themanini na nne, kijana wako mwenyewe anamshukuru. Kwa hiyo, mama, nahitaji kiapo chako."

Shangazi akafikiri. "Andika alijitahidi."

"Alijitahidi kufanya nini?"

"Kuja, alikuja."

Wakili akakata mstari.

"Basi andika alikuwa na kazi nyingi. Mtu na kazi zake, mwanangu, huwezi kumlaumu."

Wakili akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mimi uvumilivu ukanishinda.

"Shangazi, unamlinda mtu ambaye hata jina la mwanao halijui. Heshima si utumwa. Fundi analala gerezani kwa sababu ya adabu yako."

Niliona uso wake ukishuka, nikaona haya. Lakini sikuyafuta maneno yangu, maana yalikuwa ya kweli. Akachukua shuka, akalikunja, akalikunja tena, akachukua lingine. Alipofika la tano akasema bila kututazama:

"Andika nilimwambia mara tatu. Andika mimi ndiye niliyemwitikia mwanangu kwa kichwa. Andika hakufanya kazi yake." Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetukana kwa mara ya kwanza.

Wakili wa kwanza naye alijibu kwa kiapo. Kutoleta daftari, alisema, ulikuwa mkakati. Mkakati! Wakili wa serikali akausoma ukurasa wa themanini na nne mara mbili, kwa madaha. Majaji wakaondoka na makaratasi yao kwa miezi miwili.

Waliporudi walisema mshtakiwa hakutetewa ipasavyo, na kwamba daftari lile lingeweza kubadili hukumu. Hukumu ikafutwa. Nikaanza kusimama, wakili akanivuta shati. Jaji alikuwa hajamaliza: kesi isikilizwe upya tangu mwanzo, na kwa kosa la aina ile dhamana hakuna, hivyo Fundi arudi rumande kusubiri. Miaka minne na nusu, tukarudishwa kwenye ukurasa wa kwanza. Sikujua nicheke au nilie.

Kwenye ujia tukakutana naye. Wakili wa kwanza alikuwa amekuja kwa kesi nyingine, suti imenyooka, tabasamu tele. Alimwona shangazi, akainamisha kichwa, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama. Hongera. Mwisho wa yote tumeshinda."

Tumeshinda. Shangazi alimtazama usoni, kwa utulivu, muda mrefu. Mkono wa kijana ulibaki hewani, kisha ukarudi mfukoni.

Askari walikuwa wakimpitisha Fundi kando yetu, ana pingu. Akasimama.

"Mama," akasema taratibu, kwa aibu, "wakili amekuamkia."

"Nimemsikia," shangazi akajibu, akamshika mwanawe mkono, wakaongozana hadi kwenye gari la magereza.